Mchanga wa Kunduchi huenda wapi, na nani anaupeleka?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nina banda la samaki na chipsi ufukweni Kunduchi, Dar es Salaam, huu ni mwaka wa tisa. Kila ikifika Juni mchanga wa mbele ya banda unaanza kushuka, mpaka Agosti mizizi ya mivinje inabaki nje kama mbavu. Januari mchanga unarudi, ila naona haurudi wote. Mwaka juzi jirani yangu wa upande wa Mbezi alijenga ukuta wa mawe, pamoja na kidole cha mawe kinachoingia baharini. Tangu hapo kwangu ndiyo kumezidi. Julai iliyopita, saa kumi na moja jioni, wateja wamekaa, ukingo wa mchanga ulikatika na meza mbili zikaenda na maji. Mzee mmoja wa wavuvi ananiambia ni bamvua tu, nizoee. Mwanangu aliyeko chuoni anasema ni mabadiliko ya tabianchi. Fundi anasema nijenge ukuta kama wa jirani. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mama, na pole kwa meza. Barua yako ina mambo mengi, lakini lililonivuta kwanza ni lile uliloliandika kama kwa kupita: saa kumi na moja jioni. Saa hiyo haikuja kwa bahati mbaya. Nianzie hapo.

Kwenye pwani yetu yote, Mtwara hadi Lamu, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Si kwa siku ya saa yako ya ukutani, bali kwa siku ya mwezi, ambayo ni saa 24 na dakika 50 hivi, na ndiyo maana maji ya kesho huchelewa karibu saa nzima kuliko ya leo. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, mwezi na jua huvuta bahari kwenye mstari mmoja, nasi tunapata bamvua: maji yanayojaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta upande wake na mwezi upande wake, na yanakuja maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Jua ni kubwa mno, lakini liko mbali, kwa hiyo mvuto wake kwenye maji ni chini kidogo ya nusu ya mvuto wa mwezi. Kwetu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku za maji mafu ni kama mita moja. Siku za bamvua inapita mita tatu, na mabamvua makubwa ya Machi na Septemba yanakaribia mita nne. Pwani nyingi za dunia hazipati hata nusu ya hapo.

Sasa tazama saa. Kwa kuwa bamvua huja na umbo lilelile la mwezi kila mara, huja pia kwa saa zilezile kila mara. Dar es Salaam na Unguja, maji ya bamvua hujaa kwenye saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne na saa tano. Kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani hawahitaji kitabu cha kupwa na kujaa kulijua hili. Mwezi ukiandama wanajua asubuhi saa nne watakuwa shambani, maji yakiwa yameondoka zaidi ya kilomita moja. Wavuvi wa pweza vilevile.

Na Julai ni mwezi wa kusi, upepo wa msimu utokao kusini. Upepo wa kusi asubuhi huwa umepoa, kisha nchi kavu ikipata joto nao unajumlishwa na upepo wa baharini wa mchana, na ifikapo alasiri ndipo unapovuma kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo siku za bamvua, wimbi kubwa kuliko yote ya siku na maji marefu kuliko yote ya wiki mbili hizo vinagongana mbele ya banda lako katika saa ileile wateja wa jioni wanapoagiza. Maji yale yangejaa saa nne asubuhi, bahari ingekuwa shwari na meza zako pengine zingekuwepo hadi leo.

Hili ndilo ningependa ulishike kabla sijaendelea: maji kujaa, peke yake, hayali ufukwe. Hupanda na kushuka kwa upole. Mlaji ni wimbi. Kazi ya maji kujaa ni kumnyanyua wimbi hadi mahali ambapo siku nyingine hafiki.

Wimbi lenyewe ni mzigo wa nguvu unaopita ndani ya maji. Maji yenyewe hayasafiri nalo. Itazame chupa tupu inayoelea nje kidogo ya mashua: inapanda, inashuka, inazunguka palepale, na wimbi linapita chini yake. Mzunguko huo unaendelea hata chini ya uso wa maji, lakini unadhoofika haraka. Ukifika kina cha nusu ya umbali kati ya mgongo wa wimbi moja na mwingine, umekwisha. Wimbi la kusi linalokuja kila sekunde sita lina kama mita 56 mgongo hadi mgongo, basi linaanza kugusa chini kwenye kina cha mita 28. Wimbi refu linalotoka mbali katika Bahari ya Hindi, la sekunde kumi na mbili, lina zaidi ya mita 220, nalo linagusa chini likiwa kwenye mita 110 na ushee. Likigusa tu, linapunguza mwendo, migongo inasogeleana, wimbi linapanda juu, na mwisho mguu unabaki nyuma huku kichwa kikitangulia. Linavunjika pale urefu wake unapofikia kama robo tatu ya kina cha maji, au zaidi kidogo. Wimbi la mita moja huvunjikia kwenye maji ya mita moja na robo hivi.

Kanuni hiyo fupi inafafanua kazi ya miamba na mafungu yaliyo mbele yenu. Chukua mwamba wa matumbawe ambao kichwa chake huchungulia maji yakipwa bamvua. Maji yakiwa na kina cha mita moja juu yake, wimbi lolote lenye urefu unaozidi sentimita 80 linavunjikia pale, mbali na wewe, na kinachofika ufukweni ni kiwimbi cha kuwalaza watoto. Maji yakiwa mita tatu na zaidi juu ya mwamba uleule, wimbi la mita moja na nusu linapita juu yake kama gari linavyopita juu ya tuta lililosagika. Na nguvu ya wimbi hukua kwa mraba wa urefu wake: likiwa refu mara mbili, lina nguvu mara nne. Mwaka 2014 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti uliojumlisha vipimo kutoka miamba ya bahari mbalimbali duniani, ukakuta kwamba mwamba wa matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Neno la kuangalia hapo ni wastani. Mlango huo hufungwa na kufunguliwa na maji, mara mbili kwa siku, na siku za bamvua hubaki wazi zaidi.

Na mwamba ukivunjwa, mlango haufungiki tena vizuri. Miaka mingi matumbawe ya Kunduchi yalichomwa kuwa chokaa, na baruti za wavuvi haramu zikafanya yao. Kila sentimita iliyoondolewa kwenye kichwa cha mwamba ni sentimita aliyoongezewa wimbi.

Mwenendo wa mchanga wenyewe hausomeki vitabuni tu, kwa hiyo nakuomba kazi ndogo. Siku moja maji yakiwa yanajaa, kaa pale ulimi wa maji unapofika. Wimbi likivunjika, maji hupanda ufukweni, husimama kitambo, kisha hurudi. Yakipanda yanabeba mchanga, yakirudi yanabeba pia. Ufukwe wote, na banda lako juu yake, unaishi kwenye tofauti ya mizigo hiyo miwili. Mchanga ukiwa mkavu, sehemu ya maji hunywewa njiani. Yanayorudi ni machache, hayana nguvu, na mchanga unabaki juu. Mchanga ukiwa umeshiba, unaujua kwa kumeremeta kwake kama kioo, hakuna kinachonywewa. Maji yote yanarudi, tena kwa kasi ya mteremko, na yanaondoka na mchanga.

Siku tulivu, wimbi dogo la mbali linapanda, linarudi, na kabla la pili halijafika mchanga umepata nafasi ya kunywa. Kidogokidogo ufukwe unanenepa. Msimu wa kusi mawimbi ni mafupi, yamesimama, yanakuja yakisukumana. La pili linafika la kwanza halijarudi. Mchanga haupati pumzi. Ongeza kwamba kusi huingia mara tu baada ya masika, wakati maji ya mvua yamejaa ardhini na yanavujia ufukweni kutoka upande wa nchi kavu. Utayaona maji yakipwa: vijito vyembamba kama nyuzi vikichora mchanga wa chini. Ufukwe wako mwezi Juni umeshibishwa pande mbili.

Mchanga unaoondoka wakati huo hauendi mbali mwanzoni. Unateremka mita chache hadi maji ya kiunoni au ya kifuani na kutulia hapo kama fungu dogo. Fungu hilo linafanya kinachofanywa na mwamba: linayavunja mawimbi mapema. Ufukwe unajivua nguo ili kujikinga. Kusi likipoa, mawimbi madogo ya maleleji, kipindi cha kati ya pepo mbili, na ya kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, yanausukuma mchanga uleule kurudi juu. Huyo ndiye mchanga wako wa Januari.

Nikiri hapa kosa langu la ujana. Nilipoanza kazi nilipima ufukwe mmoja wa Bagamoyo kuanzia Juni hadi Septemba, nikaandika ripoti kwa uchungu kwamba ndani ya miaka kumi hakutakuwa na kitu. Februari nikapita pale kwa shughuli nyingine. Mchanga ulikuwa umejaa hadi magotini mwa minazi, watoto wanacheza mpira. Ripoti ilikuwa imeshapelekwa. Tangu siku hiyo simwamini mtu anayeniambia ufukwe unakufa kama hajauona kwa mwaka mzima, nami nikiwemo.

Ila wewe umeuona miaka tisa na unasema haurudi wote. Hapo tunaingia kwenye safari ya pili ya mchanga, ya kwenda kando.

Mawimbi ya kusi hayaupigi ufukwe wako uso kwa uso. Yanakuja mshazari kutoka kusini mashariki. Ulimi wa maji unapanda mshazari, lakini ukirudi unashuka wima kufuata mteremko. Chembe ya mchanga inapanda kuelekea Bagamoyo, inashuka, inapanda tena, inashuka. Kwa kila wimbi imesogea pengine kiasi cha mkono. Siku moja ya mawimbi ya sekunde sita ina mawimbi zaidi ya elfu kumi na nne. Wakati wa kaskazi safari inageuka kuelekea mjini, lakini kaskazi kwetu ni mpole kuliko kusi, kwa hiyo mwisho wa mwaka hesabu inaangukia upande wa kaskazini. Ukitaka kuiona kwa macho, tupa chungwa bovu kwenye maji ya magotini, ulifuate ufukweni kwa dakika tano ukihesabu hatua. Fanya Julai, fanya Januari. (Usicheke; watafiti wenye shahada hutupa machungwa pia. Linaelea nusu ndani ya maji, upepo haulisukumi sana, na rangi yake inaonekana.)

Kwa hiyo mchanga wako unatoka wapi? Kutoka kusini: fukwe za upande wa Mbezi na Kawe, na mito midogo inayoteremka kutoka vilima vya nyuma ya jiji. Upime. Chukua mchanga kidogo mkavu kwenye kisahani, dondoshea siki. Chembe zinazotoa povu ni za chokaa: matumbawe, makombe, na mavi ya pono, samaki yule mwenye mdomo kama kasuku anayetafuna mwamba mchana kutwa na kuutoa nyuma ukiwa umesagwa. Mchanga wa Paje utachemka karibu wote. Wa kwenu utaona povu hapa na pale, lakini chembe nyingi zitabaki kimya. Hizo ni za jiwe gumu, zimeletwa na mito kutoka bara.

Hapo ndipo ninapomjibu mwanao na mzee wa wavuvi kwa pamoja. Jiji limejengwa kwa mchanga, na kwa miongo mingi sehemu ya mchanga huo imechotwa kwenye vitanda vya mito ileile, Mbezi, Tegeta na mingineyo. Lori lililojaa kule juu ni lori ambalo halitafika ufukweni. Bahari haikubadilisha mwenendo wake. Inaendelea kutoa kaskazini kiasi kilekile ilichokuwa ikitoa zamani, ila kinachoingia kutoka kusini kimepungua. Wewe una duka, unajua: mauzo yakibaki palepale na mzigo mpya usipoletwa, rafu zinaisha.

Mzee ana haki kuhusu siku na saa. Bamvua ndiyo iliyochagua jioni ile. Lakini bamvua ilikuwepo kabla ya babu yake, na fukwe zilikuwepo.

Mwanao naye hajakosea. Kina cha bahari duniani kilipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi imeongezeka: kati ya 2006 na 2018 ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Kwenye ufukwe wenye mteremko wa mita moja kwa kila mita 50, sentimita 20 za kwenda juu ni mita kumi za kwenda ndani. Si jambo dogo, na bamvua ya leo inapandia ngazi iliyonyanyuliwa. Ila mita kumi kwa zaidi ya karne hazielezi ulichokiona katika miaka miwili. Kwa hayo ya miaka miwili, nitazame kusini mwa banda lako.

Kidole cha mawe cha jirani kinafanya kazi yake vizuri sana, na hapo ndipo penye tatizo. Mchanga unaotembea kwenda kaskazini ukikifikia unasimama. Nenda ukaangalie mwezi Agosti: upande wake wa Mbezi utakuta mchanga umepanda hadi kwenye mawe ya juu, na upande wako shimo. Hakuna aliyetengeneza mchanga pale. Umezuiwa tu, na wa kwanza kuukosa ni aliye baada ya kidole. Kaskazi atakurudishia kidogo, lakini kaskazi hana nguvu za kulipa deni la kusi. Jambo hili si geni huko kwenu. Vidole kama hivyo vilianza kujengwa mbele ya hoteli za Kunduchi miongo mingi iliyopita, na hoteli ya Africana, ambayo jina lake limebaki kituoni pale barabara ya Bagamoyo, iliachwa baada ya bahari kuula ufukwe wake.

Ukuta ni habari nyingine. Wimbi likipanda ufukwe wa mchanga linachoka njiani. Likigonga ukuta wima halichoki, linarudishwa na sehemu kubwa ya nguvu zake, na linapokutana na linalokuja, maji ya mguuni pa ukuta yanachemka na kuchimba. Pia ukuta unaufungia mchanga ulio nyuma yake, ule ambao ufukwe ungeukopa wakati wa kusi kujenga fungu lake la kujikinga. Ukuta mzuri unaokoa kilicho nyuma yake, siukatai: barabara ya Barack Obama kule mjini isingekuwepo bila ukuta, na hakuna mtu atakayeihamisha barabara ile. Lakini mbele ya ukuta usitegemee ufukwe, na pembeni ya mwisho wake utegemee kuliwa zaidi, maana mawimbi huzunguka ncha na kuchimba kwa nyuma. Wewe uko kwenye ncha. Na biashara yako, mama, ni ufukwe. Mteja hatatoka Sinza kuja kula samaki akitazama mawe. Ukijenga utakuwa umemlinda jiko na kumfukuza mlaji, kisha jirani yako wa kaskazini ataniandikia barua kama hii.

Kuna mahali ambapo napenda kuwapeleka wanafunzi, nje ya Pangani. Maziwe ilikuwa kisiwa chenye miti, kasa walipanda kutaga pale, na mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari, miongoni mwa za kwanza nchini. Miti ikaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na kisiwa tena, palikuwa na fungu la mchanga ambalo huonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kasa hawakuambiwa. Waliendelea kupanda na kutaga, mayai yanafunikwa na maji, ikabidi watu wayahamishie ufukwe wa Ushongo. Ukisimama pale saa nne asubuhi siku ya bamvua, mchanga mweupe, maji pande zote, unaona kabisa jinsi kitu kinachoitwa nchi kinavyoweza kuwa mchanga uliokaa kitambo tu mahali pamoja. Na kwa kuwa wapo wanaodhani bahari hula tu: pale Malindi, Kenya, ufukwe umesonga mbele kuelekea baharini. Mto Sabaki unashusha udongo mwingi kutoka nyanda za juu, kaskazi unausukuma kusini hadi ghuba ya Malindi, kusi unaupeleka Mambrui. Wenye hoteli za Malindi wanalalamika bahari imewakimbia. Bahari ileile, pepo zilezile; tofauti ni mzigo wa mto.

Sasa ufanye nini.

Usijenge ukuta. Rudisha banda nyuma kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na ulifanye la kufungua na kubeba: nguzo za kuchomeka, makuti, meza nyepesi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Najua nusu ya Dar es Salaam inacheka ikisikia hivyo, na najua banda lako limo ndani ya mita hizo. Ndiyo maana nasema la kubeba. Kisheria na kibahari, kitu kinachoweza kusogea kina maisha marefu pale kuliko kilichomwagiwa zege.

Weka kalenda ya mwezi jikoni. Kuanzia Mei hadi Septemba, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hesabu siku hiyo na tatu zinazofuata, kwa sababu bamvua kubwa huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi. Jioni za siku hizo panga meza nyuma, kwenye mchanga wa juu. Na ukisikia tahadhari ya kimbunga au upepo mkali, swali la kwanza liwe mwezi ukoje. Kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia tarehe 4 Mei 2024, mwezi wa nusu ukiwa umepita siku tatu tu na mwezi mwandamo ukisubiriwa tarehe 8. Maji yalikuwa bado karibu na mafu. Kingechelewa siku tano, kingekuta bamvua imemwekea ngazi.

Usifagie mwani na majani ya bahari yanayoachwa juu ya ufukwe. Najua wateja wanayachukia, basi safisha njia na sehemu ya meza, mengine yaache; mchanga unaopeperushwa unanasa humo, na humo ndimo mmea wenye majani ya umbo la kwato ya mbuzi na maua ya zambarau unapoanza kutambaa. Huo uuache utambae. Unashika mchanga kuliko mvinje, ambao mizizi yake, kama ulivyoona, inabaki hewani mchanga ukiondoka. Michirizi ya mwani pia ni daftari: siku baada ya bamvua maji hujaa chini zaidi kila siku, na kila siku huacha mstari wake. Hesabu mistari kutoka juu, utajua bamvua ilipita siku ngapi.

Na pima, kwa sababu siku utakapokwenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa wasimamizi wa mazingira wa taifa kuhusu kile kidole cha mawe, miaka tisa ya macho yako haitatosha. Chukua fito mbili zilizonyooka, kila moja mita moja na nusu, zichore alama kila sentimita mbili, zifunge kwa kamba ya mita mbili. Anzia kwenye kitu kisichohama, kona ya jengo la nyuma au mbuyu. Fito moja hapo, nyingine mita mbili kuelekea baharini, zote wima. Simama nyuma ya fito ya juu, ushushe jicho mpaka ncha ya fito ya chini iguse mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Pale jicho lako linapokata fito ya juu, soma: idadi ya sentimita kutoka nchani ndiyo ufukwe ulivyoteremka katika mita hizo mbili. Andika, sogea, rudia hadi majini. Dakika ishirini kwa watu wawili. Fanya hivyo kila bamvua saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekwenda mbali, kwenye mistari miwili: mmoja kwako, mmoja upande wa pili wa kidole cha jirani, kwa ruhusa yake. Mwombe yeye mwenyewe ashike fito ya pili. Akiuona mchanga wake ukipanda mwezi ambao wako unashuka, kwa namba alizozisoma mwenyewe, mazungumzo ya kutoa mawe ya mwisho, au kukifupisha kidole hicho ili mchanga upite, yatakuwa mepesi kuliko barua ya mwanasheria.

Mwanao wa chuoni mpe kazi ya kuchora namba hizo kwenye karatasi ya mraba. Mkifikisha mwaka mmoja, kusi na kaskazi, nitumieni. Nitakuja Kunduchi tuzisome pamoja, siku ya maji mafu, ili nikae meza ya mbele.